Kabla Hujampelekea Fundi Kompyuta Yako

Shikamooni wazee wangu. Walimu, wazazi wenzangu, nanyi vijana mliojibanza kule nyuma, hamjambo.

Mtu akiniletea kompyuta mezani kwangu, kabla sijaiwasha humuuliza swali moja: mafaili yaliyomo humu, nakala yake iko wapi? Wengi hunyamaza. Wengine hunirudishia swali: "Iwe wapi tena, fundi? Si yako humo humo?" Hapo najua kwamba sikuletewa kompyuta tu. Nimeletewa daftari la mauzo ya duka, tasnifu ya mtoto, picha za harusi na za msiba, vyote ndani ya kapu moja lililoanza kutoboka.

Swali hilo nililijifunza kwa machungu. Nilipoanza ufundi, mama mmoja aliniletea kompyuta iliyokuwa ikijizima kila baada ya dakika chache. Nikapiga Windows upya, nikaweka programu zote, nikamrudishia ikiwa nyepesi kabisa. Akaiwasha palepale, akatafuta, kisha akaniuliza kwa upole picha za marehemu mumewe nimeziweka folda gani. Nilikuwa nimefomati diski nzima, yaani nimefuta kila kilichokuwemo. Nilihangaika siku tatu na programu za kurejesha mafaili, nikapata vipande: nusu uso, nusu rangi ya kijivu. Mama yule hakunigombeza. Nami tangu siku hiyo sigusi mashine ya mtu kabla mafaili yake hayajatoka, na ninyi mkienda kwa fundi yeyote, mwambieni hivyo kabla hajashika bisibisi.

Kwa hiyo naanza na nakala, kabla ya antivirusi na kabla ya nywila. Chukua diski ya nje, ichomeke, nakili mafaili, kisha ichomoe. Hilo la kuchomoa ndilo watu wanalolisahau, na nitawaonyesha sababu yake muda si mrefu. Ikiwa bando linaruhusu, akaunti ya Google inakupa GB 15 bila malipo. Video za harusi hazitaenea humo, lakini vyeti vilivyoskaniwa, tasnifu na daftari la mauzo vitaenea na nafasi itabaki.

Sasa tazameni flashi hii. Nimeiazima kwa mwalimu aliyeketi hapa mbele, na amenikubalia niionyeshe. Alikwenda steshenari kuprinti mtihani. Aliporudi nyumbani akaichomeka, folda zake zote hazipo. Ipo ikoni moja tu, yenye kamshale kadogo pembeni. Wangapi mmewahi kuona kitu hiki? Naona mikono mingi, na wengine mnatikisa vichwa.

Folda hazijafutwa. Kirusi kimezificha, kikaweka njia ya mkato mahali pake. Ukiibofya, folda zako zinafunguka vizuri, ndiyo maana hushtuki. Lakini kabla hazijafunguka, kirusi kimeshaingia kwenye kompyuta yako, na kuanzia hapo kila flashi utakayochomeka itatoka nacho. Kompyuta ya steshenari inapokea flashi za mtaa mzima kutwa nzima. Ikishaambukizwa, inaugawia mtaa mzima.

Mwenye hofu hufomati. Usifomati, maana hapo ndipo unapoyapoteza mafaili kweli. Wala usiibofye ile ikoni. Angalia kwanza kompyuta imeipa flashi herufi gani. Hapa ni E. Kwenye sehemu ya kutafutia andika cmd, bonyeza Enter, litafunguka dirisha jeusi. Andika kama ninavyoandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Herufi h ni alama ya faili lililofichwa, s ni ya faili la mfumo, r ni ya faili la kusomwa tu. Kistari kilichotangulia maana yake ni "ondoa". Subirini kidogo. Haya, mwalimu, mitihani yako ile pale, na folda ya kidato cha pili nayo imerudi. Sasa nakili hati zako tu, ile ikoni yenye mshale ifute, na chochote usichokijua usikifungue.

Kazi haijaisha, maana umerudisha folda lakini kompyuta bado ina kirusi. Windows 10 na 11 zinakuja na antivirusi ya Microsoft Defender ndani yake bure, na kwa nyumba nyingi inatosha kabisa, mradi isasishwe. Ina uchunguzi unaofanyika nje ya Windows: mashine inajiwasha upya, inachunguza kwa takriban dakika 15 kabla virusi havijaamka, kisha inarudi kama kawaida. Tumia huo. Na siku nyingine ukienda kuprinti, nenda na flashi isiyo na kitu kingine zaidi ya hilo faili moja la kuprinti.

Nije kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote. Kijana anataka programu ya kuhariri video. Ina bei, na bei yenyewe ni kubwa kwake. Anatafuta kraki, yaani faili la kuivunja kufuli programu ya kulipia ili itumike bure. Anapata faili, na maelezo yake yanaanza hivi: zima antivirusi kwanza. Wanangu, isikilizeni hiyo sentensi vizuri. Mtu anakuja kwako usiku wa manane, anakuomba umfunge mbwa kwanza ndipo aingie.

Lipo kundi la virusi vya kufungia mafaili linaloitwa STOP, au Djvu, lililoanza kuonekana kati ya mwisho wa 2017 na 2018, na limesambaa zaidi kwa njia hiyo hiyo ya kraki. Halilengi mabenki, linapiga majumbani. Kila hati na kila picha inaongezewa herufi ngeni mwishoni mwa jina, na haifunguki tena. Kwenye kila folda kunaachwa faili liitwalo _readme.txt, lenye madai ya dola 980, au dola 490 ukijitokeza ndani ya saa 72. Na kirusi hiki kinafungia chochote kilichochomekwa wakati huo, ikiwemo ile diski ya nje uliyowekea nakala ukaiacha inaning'inia. Ndiyo sababu nikasema ichomoe.

Likikukuta, kata intaneti, zima mashine, usilipe haraka. Aliyekufungia ndiye anayekuahidi ufunguo, na hakuna cha kumbana. Tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol, yaani shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, inatoa bure funguo za aina nyingi za virusi hivi. Mwezi Oktoba 2019 ilitoka programu ya bure ya kufungua matoleo 148 ya huyo STOP. Matoleo yaliyokuja baadaye ni magumu zaidi, na mengine hayafunguki hadi leo. Hata hivyo usiyafute mafaili yaliyofungwa. Yahifadhi pembeni, kwa sababu ufunguo unaweza kupatikana baada ya mwaka au miwili.

Wazazi, kuna kinga isiyogharimu hata senti. Windows ina akaunti za aina mbili: ya msimamizi na ya kawaida. Nyumba nyingi wote wanatumia ya msimamizi, baba, mama, hadi mtoto wa darasa la tatu. Itengenezee nywila akaunti ya msimamizi, ibaki kwako, kisha kila mtu, hata wewe mwenyewe, atumie akaunti ya kawaida kila siku. Kraki ikitaka kubadilisha mfumo, itaomba nywila ya msimamizi, na mtoto itabidi aje kukuuliza. Haizuii kila kitu, maana kirusi kinaweza bado kuyafungia mafaili ya yule aliyekibofya, lakini mazungumzo hayo ya dakika mbili sebuleni yameokoa kazi za watu wengi.

Kuhusu kusasisha Windows, najua malalamiko yenu: inakula bando, inakuja wakati una haraka. Basi niwaeleze kilichotokea Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017. Kirusi cha WannaCry kilipita katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150, bila mtu kubofya chochote. Hospitali za umma Uingereza zilifunga milango ya miadi, wagonjwa wakarudishwa. Tundu kilichopitia lilikuwa limeshazibwa na Microsoft tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Waliosasisha walilala salama. Kama bando ni tatizo, weka kompyuta isipakue yenyewe ovyo, halafu panga siku moja kwa mwezi uiache isasishe usiku, bando likiwa na bei nafuu.

Si kila tatizo ni kirusi, na hili nalisisitiza kwa sababu watu wanalipia kupigiwa Windows bila haja. Mzee mmoja alinijia amekasirika: kila tovuti anayofungua inamwambia muunganisho si salama, hata ya benki yake. Alikuwa ameshalipa mahali pengine kusafishiwa virusi, na tatizo likarudi kesho yake. Nikatazama pembe ya chini ya skrini. Kompyuta ilidhani tuko mwaka 2009. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine ikiwa nyuma miaka kumi na zaidi, inaona vyeti vyote bado havijaanza, inavikataa. Na saa ilikuwa inarudi nyuma kila umeme ukikatika kwa sababu betri ndogo ya ndani, CR2032, bapa kama sarafu, ilikuwa imekufa. Nikabadilisha betri, nikarekebisha tarehe, akaenda zake.

Mashine nzito nayo, kabla hujailaumu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona nani anakula nini. Programu nyingi zinajiwasha pamoja na Windows bila kuombwa. Zizuie hapo hapo. Diski ya C ikijaa pomoni, kila kitu kitakwama, kwa hiyo toa video uziweke kwenye diski ya nje. Kwa mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka, kuweka SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, kunasaidia kuliko ushauri wowote nitakaowapa.

Ndiyo, mama pale dirishani. Anauliza: kompyuta yake ni ya mtumba, ina Windows 10, afanyeje?

Swali zuri, na linawahusu wengi humu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha nane kwenda juu, na mashine nyingi za mtumba zinazotufikia ni za chini ya hapo. Usizitupe. Ipo njia ya kujiandikisha Microsoft upate masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Njia ya pili ni Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows, ambao ni bure: inafungua intaneti, inaandika barua, inasoma hati za Word, na mashine yenye RAM ya GB 4 inaibeba. Nimeiweka kwa wazee wawili wa mtaani kwangu, na wanaitumia kila siku. Lakini kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, mama, mafaili yako yana nakala?

Hayana. Basi nimekuja na diski yangu ya akiba na waya. Tupishane kiti, tuyatoe sasa hivi.