Kibanda cha kuvizia dia: kabla hujanunua nisikilize kwanza

Wadau habari zenu, Mafinga, Mbeya, Dar, Nairobi, popote mlipo natumaini mko poa. Mimi niko Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, na hicho kijumba mnachokiona nyuma yangu pembeni ya shamba la mahindi ni kibanda cha kuvizia, wenyeji wanaita blaindi, unakaa ndani kimya na bunduki au upinde wako unamsubiri dia apite.

Dia ni mnyama wa porini wa huku, kwa Kiingereza deer, kwetu hayupo, siyo swala wala siyo kulungu, dume lake pembe zinadondoka kila mwaka halafu zinaota upya. Msimu mkubwa wa bunduki hapa ni siku 9 tu, unaanza Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya Thanksgiving mwezi wa 11, na zaidi ya watu laki tano wanakata leseni. Ni kitu halali kabisa, kina utaratibu wake, kama umezaliwa 1973 au baadaye lazima upite kozi ya usalama kwanza, au uwinde ukiwa chini ya uangalizi wa mtu mwenye leseni. Nyama inaliwa nyumbani, kuuza marufuku.

Sasa leo nataka tuongee uimara, maana naona ndugu zetu wengi wanaohamia huku wanaingia dukani wanabeba kibanda cha kitambaa cha bei rahisi, wanakiacha porini toka mwezi wa 9, ukifika mwaka unaofuata kimekuwa matambara wananunua kingine, na inaniuma kwa sababu hiyo hela ya miaka mitatu minne ungejenga kitu cha kudumu. Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei jiulize kitu kimoja tu, hicho kibanda kitalala nje au utakuwa unarudi nacho nyumbani? Yote mengine yanatoka hapo.

Kama unawinda ardhi ya serikali, mara nyingi jibu limeshapatikana, utarudi nacho, maana kwenye maeneo mengi ya jimbo hapa kibanda hakiruhusiwi kulala. Hapo chukua cha kitambaa, kile kinachofunguka kama mwavuli, kila ukuta una kitovu katikati unavuta kinatoka nje paap kimesimama. Ila angalia vitu viwili. Cha kwanza kitambaa, unene wa uzi unapimwa kwa denia, ukiona denia 150 achana nacho, 300 kinavumilika, 600 ndiyo kitambaa. Cha pili ni hivyo vitovu na fito za faibaglasi, kifungue hapo hapo dukani, vuta sukuma, tikisa, kama kitovu ni plastiki nyembamba kitapasuka siku ya baridi kali, na hapa baridi kali siyo hadithi. Zipu za madirishani mimi sizipendi, zinapiga kelele na zikiganda hazifunguki, tafuta yenye kulabu au sumaku. Ndani kiwe cheusi kabisa, na wewe uliyekaa nyuma ya dirisha usifungue madirisha yote, mwanga ukiingia kutoka mgongoni kwako dia anaona kivuli chako kinasogea mkono tu ukiinua.

Kitu cha sheria hicho usiruke, kwenye ardhi ya jimbo msimu wa bunduki kibanda lazima kiwe na kitambaa cha rangi ya chungwa kali au pinki kali, inchi za mraba 144, yaani kama futi moja kwa futi moja, kionekane kutoka pande zote, ili mwindaji mwenzako asije akafyatua kuelekea ulipo. Na wewe mwenyewe unavaa chungwa juu, dia rangi hiyo haioni kama tunavyoiona sisi, kwa hiyo usiogope.

Haya, sasa kama una ardhi yako au kama mimi una mzee mwenye shamba amekuruhusu, jenga jamani. Jenga. Kitambaa hata kiwe denia ngapi jua linakila, theluji mbichi ikilala juu usiku mmoja inakunja fito zote, na panya wakishaingia hawaulizi ulinunua bei gani. Kuna vibanda vya plastiki ngumu na vya faibaglasi vinauzwa tayari, ni vizuri sana sikatai, ila unaongelea dola elfu na zaidi, vingine elfu kadhaa.

Mbao watu wa Iringa hii mnaijua kuliko mimi. Chini kabisa unalaza mbao mbili za nne kwa nne zilizotiwa dawa, zimechongwa mbele kama mguu wa sleji, kile chombo cha kuburuta kwenye theluji, ili trekta iweze kukiburuta ukitaka kukihamisha, na hizo mbao hazikai kwenye udongo, zinakaa juu ya matofali ya saruji au kokoto, kwa sababu adui namba moja wa kibanda ni unyevu unaopanda kutoka chini, watu wanahangaika na paa wakati sakafu ndiyo inaoza kwanza. Halafu sikiliza hii maana mafundi wengi wanaikosa, mbao za dawa za huku tangu mwisho wa 2003 kwa matumizi ya nyumbani hazitumii tena ile dawa yenye aseniki, wanatumia zenye shaba nyingi, na shaba inakula chuma cha kawaida. Ukipiga misumari ya kawaida baada ya misimu michache imeliwa, mbao nzima lakini kibanda kinacheza. Weka skrubu zilizochovywa kwenye zinki ya moto, au za stenlesi. Na skrubu siyo msumari, maana mbao ikikauka msumari unalegea unaanza kulia kwiii kila ukihama mguu, na dia masikio yake we acha tu.

Ukubwa, plaiwudi inakuja futi 4 kwa 8, kwa mtu mmoja na bunduki jenga futi 4 kwa 6 upoteze kidogo, kama ni upinde au unakaa na mtoto nenda 6 kwa 6 maana kuvuta upinde kunataka nafasi ya kiwiko. Sakafu plaiwudi ya robo tatu inchi, juu yake zulia kuukuu kuua kelele. Kuta usiweke zile mbao za chengachenga zilizogandishwa, kingo zinavimba zikinywa maji, weka plaiwudi ya nje na kila kingo uliyokata ipake rangi kabla ya kufunga, siyo baada. Rangi isiyong'aa. Paa bati, mbele juu nyuma chini, litoke nje kama sentimita 15 maji yasirudi ukutani.

Madirisha usinakili vipimo vya mtu. Weka kiti chako ndani, kaa, shika bunduki mkao wako, pima hapo, mimi imetoka kama sentimita 90 kutoka sakafuni ila wewe unaweza kuwa mrefu. Bawaba zipakwe mafuta, kingo zibandikwe sponji. Matundu ya hewa acha mawili yenye wavu mdogo kuzuia panya na nyigu, na ukiwasha hita ya gesi fungua dirisha hata ukiona baridi, ile hewa ya sumu haina harufu, utasinzia usiamke. Hapo sitanii.

Pembeni funga nanga za skrubu ardhini kwa waya, upepo wa uwanda wazi unapindua kibanda cha kilo mia mbili. Na kiweke mapema, mwezi wa 7 au wa 8, dia wakizoee, upepo wa kawaida utoke kwao uje kwako, na dirisha kuu lisitazame mashariki kama utakaa asubuhi.

Vipimo vyote nimeviweka kwenye maelezo ya video. Kama uko Marekani na unataka kujenga niandikie uko jimbo gani kwanza, maana sheria za Minnesota siyo za Texas.