Nguo za Wakubwa Zimebaki, Zetu Ziko Wapi?

Assalaam aleykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliosimama huko mlangoni karibuni mbele, viti vipo. Nimeombwa nizungumze kuhusu makumbusho ya mavazi na mie nguo ndo maisha yangu, mkiniona narefusha nivumilieni.

Kule Paris kuna makumbusho ya sanaa za mapambo, yaani viti, vyombo, vito, mapazia, nguo, kila kitu ambacho mtu anapambia nyumba au mwili wake. Panaitwa Musée des Arts Décoratifs, pamefunguliwa 1905 ndani ya ubavu mmoja wa jumba la Louvre, mlango uko barabara ya Rivoli. Nilienda kuna maonesho ya mavazi ya kale na kitu cha kwanza kinachokushika ni kiza. Kumbe makusudi! Nguo za kale kwa kawaida huwekewa mwanga usiozidi laksi 50 hivi, laksi ndo kipimo cha mwanga, kwa sababu mwanga unakula rangi halafu unakula uzi wenyewe, na rangi ikishaliwa hairudi, hakuna fundi wa kuirudisha. Ndo maana hata gauni zuri vipi haliachwi nje miaka na miaka, linaoneshwa miezi kadhaa kisha linarudi kulala.

Sasa macho yakishazoea ndo unaanza kuona. Kuna magauni ya hariri ya miaka ya 1700, mgongoni marinda mapana yanashuka kutoka mabegani mpaka sakafuni, pembeni ya kiuno ndani kuna fremu inalitanua gauni kulia na kushoto. Watu wanapita wanasema maashallah wanaondoka. Mie nikainama kutazama mishono. Yote ya mkono jamani, cherahani bado, maana Isaac Singer kapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya lake 1851. Na ukitazama vizuri kwenye nguo za namna hii mara nyingi unakuta vitundu vidogo vya sindano pale mshono wa zamani ulipokuwa, yaani gauni limefumuliwa likashonwa upya, la mama limekuwa la binti, kwa sababu enzi hizo hariri yenyewe ilikuwa ghali kuliko ujira wa fundi. Hiyo kwangu ilikuwa tamu kuliko dhahabu zote za mle ndani.

Baadaye anakuja Charles Frederick Worth, Muingereza, kafungua nyumba ya mavazi Paris 1858, huyu ndo katika wa mwanzo kushonea jina lake ndani ya nguo kama mchoraji anavyotia sahihi. Fundi akawa na jina.

Lakini nikazunguka natafuta nguo ya yule dobi aliyekuwa akizifua hizo hariri, nguo ya mpishi, ya mbeba maji. Chache mno zimebaki, na sababu inajulikana, maskini alivaa nguo mpaka ikaisha, ikauzwa mtumba, ikavaliwa tena, na mwisho matambara yakanunuliwa kutengenezewa karatasi, kwani zamani Ulaya karatasi ilitokana na matambara.

Hapo ndipo nikafikiria kwetu Zanzibar. Za wakubwa tunazijua. Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni 1844 akaondoka hapa 1866, ipo picha yake kavaa mavazi ya Kizanzibari yuko Ujerumani, kila mtu kaiona. Majoho na majambia tunayajua. Lakini merikani je? Ile nguo nyeupe ya pamba wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakiileta hapa na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi, ndo aliyojifunga mtumwa, au kaniki nyeusi. Utumwa ulipofutwa kisheria 1897 wanawake wa Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, wakaziacha hizo wakashika kanga, tena kanga za rangi, kanga mpya, kwa sababu walitaka waonekane ni watu huru, na hii mie naiona ni historia kubwa kuliko vita vingi vilivyoandikwa. Nioneshe basi kaniki moja ya wakati ule! Imekwisha, imepigiwa deki.

Na jengo peke yake halitatutunzia, Beit el-Ajaib, lile jumba letu la makumbusho, mnajua ilivyoporomoka upande mmoja Disemba 2020. Makumbusho yetu yako kwenye makasha ya bibi zetu, hapa mjini, Makunduchi, Wete, Chake.

Kwa hiyo mkirudi nyumbani fungueni makasha, kwa ruhusa ya wenyewe. Kanga ambayo jina lake limeandikwa kwa hati za Kiarabu hiyo ni ya zamani sana, msiifue kwa jiki wala kuianika juani. Msiifukize udi, moshi unaacha mafuta. Msiitie mfuko wa plastiki maana unyevu wetu huu utaleta kuvu, izungushieni shuka nyeupe ya pamba iliyofuliwa vizuri, na msiikunje kwa mkunjo uleule kila mara kwani itakatikia hapohapo. Halafu muulizeni bibi, hii ilivaliwa lini, harusi ya nani, nani aliinunua, na muandike kwa penseli kwenye karatasi, sio peni, wino unavuja ukaharibu nguo, karatasi muitie ndani ya shuka pamoja na kanga. Jina la bibi muanze nalo juu kabisa.

Haya, maswali. Mama wa mtandio wa kijani, nimeuona mkono wako tokea nilipotaja udi.