Jinsi ya Kutunga Koncheto ya Gitaa la Umeme na Kikosi cha Ala

Karibuni, watazamaji. Leo tunatunga koncheto, yaani utungo ambamo ala moja hujibizana na kikosi kizima; yetu ni ya gitaa la umeme na kikosi cha fidla, viola, chelo, kontrabesi na filimbi. Shikeni gitaa mkononi, au mwe na mpigaji karibu, kwa sababu kifungu kinachoonekana chepesi kwenye karatasi huweza kuvishinda vidole.

Kwanza, chagueni ufunguo, yaani nota ya msingi na ngazi ya nota ambazo muziki utajengwa juu yake. Nyuzi za gitaa ni E, A, D, G, B na E, na za fidla ni G, D, A na E. Kwa hiyo ufunguo wa E maina au D meja huziwezesha ala zote mbili kutumia nyuzi zilizo wazi, na sauti hujaa.

Pili, pangeni umbo. Sehemu tatu, ya haraka, ya polepole, kisha ya haraka, ndio mpangilio ambao mtunzi Mwitaliano Vivaldi aliuimarisha mwanzoni mwa karne ya 18, nao ungali unafaa. Katika sehemu ya kwanza, kipeni kikosi melodi fupi inayorudi mara kwa mara katika funguo tofauti, na kila inaponyamaza, gitaa liingie na jambo lake.

Sasa tufike penye kazi kubwa, yaani uwiano wa sauti. Gitaa huanzia takriban hezi 82, na eneo lake la katikati ndilo hilo hilo la viola na chelo. Mpigaji akiwasha distosheni, yaani mkwaruzo wa sauti unaotengenezwa kwa umeme, kila nota huongezewa sauti nyingi za juu, hivi kwamba fidla laini zinazopita hapo hazisikiki tena. Kuongeza idadi ya fidla hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuwachia gitaa nafasi. Gitaa linapoimba katikati, shusheni chelo na kontrabesi chini kabisa, ipandisheni filimbi oktava moja (umbali wa nota nane) juu ya melodi, na viola zinyamaze. Akodi, yaani nota zinazopigwa pamoja, zikiwa na nota nne au tano huvurugika ndani ya distosheni, basi mpeni mpigaji nota mbili zilizoachana kwa kwinti (umbali wa nota tano, kama E hadi B), kisha nota zinazokamilisha akodi zichezwe na kikosi. Kwa sehemu ya polepole mimi hupendelea sauti safi isiyo na distosheni, kwa kuwa hapo ndipo gitaa na chelo huweza kujibizana kwa upole wa kweli.

Kadenza, yaani kifungu ambacho gitaa hupiga peke yake kuonyesha ustadi, iwekeni karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, na muiandike yote.

Mwisho, andaeni karatasi za wapigaji. Kumbukeni kwamba gitaa husikika oktava moja chini ya ilivyoandikwa. Onyesheni kila mahali pa kuvuta uzi, kuwasha distosheni na kukanyaga pedali ya sauti. Siku ya mazoezi, amplifaya ikae kando ya mpigaji mwenyewe, ili kondakta na wasikilizaji wasikie gitaa likitokea pale anapoketi.