Meiosisi kwa plastisini: hesabu sentromia, usihesabu vijiti

Mezani weka plastisini nyekundu, bluu na nyeupe kidogo. Tafuta pia kisu butu, rula, sarafu na karatasi kubwa. Katika video hii tunaigiza meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza gameti (mbegu za kiume au mayai). Tutaanza na seli moja yenye kromosomu 4, yaani nyuzi 4 za DNA zinazobeba jeni, tumalize na gameti nne, na tutakawia pale ambapo wanafunzi hupoteza alama.

Viringisha nyekundu upate vijiti viwili vya unene wa penseli, kimoja cha sentimita 12 na kingine cha sentimita 6. Rudia kwa bluu. Nyekundu zimetoka kwa mama, bluu kwa baba. Ndefu mbili ni jozi, na fupi mbili ni jozi. Bandika kitone cheupe katikati ya kila kijiti: hiyo ndiyo sentromia, mahali ambapo kromosomu na nakala yake hushikana. Sasa andika vikaratasi vidogo. Kwenye mkono mmoja (nusu ya kijiti) wa nyekundu ndefu chomeka A, sentimita moja kutoka ncha, na B, sentimita moja kutoka sentromia. Kwenye bluu ndefu weka a na b mahali palepale. A na a ni aleli, yaani aina mbili za jeni moja; B na b vilevile.

Kabla ya mgawanyiko, DNA hujinakili. Kwa hiyo tengeneza nakala ya kila kijiti pamoja na vikaratasi vyake, kisha uibandike ubavuni mwa kijiti chake kwenye kitone kilekile cheupe. Una maumbo manne ya X. Sitisha video ujibu: kromosomu ni ngapi?

Ukisema 8, umehesabu vijiti. Hesabu vitone vyeupe: ni 4. Zilizofika 8 ni kromatidi, yaani vijiti viwili vya kila X. Katika seli ya binadamu, hatua hii ina kromosomu 46 na kromatidi 92.

Profezi I, hatua ya kwanza ya mgawanyiko wa kwanza. Laza X ndefu nyekundu sambamba na X ndefu ya bluu. Chukua kromatidi moja nyekundu na moja ya bluu zinazogusana, pima sentimita 3 kutoka kwenye ncha zenye A na a, ukate zote mbili, kisha ubadilishane vipande na ubonyeze viungane. Tazama kwa karibu: nyekundu moja ina mkia wa bluu, bluu moja ina mkia mwekundu. Kromatidi zako nne zinasomeka AB, aB, Ab na ab. Zile mbili za katikati hazikuwepo kwa mama wala kwa baba.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kubadilishana kati ya kromatidi za X moja; rangi ni ileile na aleli ni zilezile, kwa hiyo hujapata kitu kipya. La pili ni kukata sehemu zisizolingana. Ukikata moja sentimita 3 na nyingine sentimita 5, kromatidi moja itapoteza jeni na nyingine itabeba jeni za ziada. Kwenye seli halisi kosa hilo hutokea pia, na linaweza kuleta madhara.

Metafezi I. Chora mstari katikati ya karatasi, upange jozi zikitazamana ng'ambo hii na ile. Nani akae juu, nyekundu au bluu? Rusha sarafu kwa jozi ndefu, kisha irushe tena kwa jozi fupi. Irushe kweli, maana kila jozi hujipanga bila kujali jirani yake. Jozi 2 zinatoa michanganyiko 4. Jozi 23 za binadamu zinatoa 2 kwa kipeo cha 23, yaani 8,388,608, kabla hata hujahesabu kubadilishana vipande. Angalizo: seli moja haitoi michanganyiko yote 4. Bila kubadilishana vipande, gameti zake nne zingekuwa za aina mbili tu.

Anafezi I. Vuta X nzima juu na X nzima chini. Usipasue kitone cheupe! Ukikipasua hapa, umefanya mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa seli usiopunguza idadi ya kromosomu. Kila seli sasa ina vitone 2, na hapa ndipo idadi ilipopungua nusu.

Meiosisi II, yaani mgawanyiko wa pili, ni nyepesi. DNA hainakiliwi tena. Panga X kwenye mstari, sasa pasua vitone, utenganishe kromatidi. Unapata seli nne, kila moja na kijiti kirefu kimoja na kifupi kimoja. Kwa mwanamke saitoplazimu haigawanywi sawa: inabaki kwenye yai moja, na vijiseli vidogo vinavyobaki hufa.

Sasa haribu makusudi. Rudi anafezi I, upeleke X ndefu zote mbili upande mmoja, kisha umalizie mgawanyiko. Gameti mbili zina kromosomu 3, mbili zina 1. Hakuna hata moja iliyo sawa. Rudia, lakini sasa acha kosa litokee meiosisi II kwenye seli moja tu: mbili zinatoka salama zikiwa na 2, moja ina 3 na moja ina 1. Gameti ya binadamu ikibeba kromosomu namba 21 mbili na kuungana na gameti ya kawaida, mtoto anakuwa na kromosomu 47, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya hali ya Down. Ukipewa mchoro wa gameti nne kwenye mtihani, zote zikiwa na kasoro, tafuta kosa kwenye mgawanyiko wa kwanza.