Vipimo Vimetoka Safi, na Bado Naumwa

Hamjambo jamani. Leo nimekaa, kama mnavyoona. Wale mnaofuatilia video zangu mmeshagundua kwamba siku hizi sitembei nikirekodi, na mmeuliza sana. Mama naye kila akipiga simu swali ni lile lile: "Wamesema ni nini?" Basi leo nawajibu wote kwa mpigo. Madaktari hawajasema. Hawajajua bado.

Najua jibu hilo halimtoshi mtu. Huko nyumbani wengi mnaona kwamba mimi niko huku kwenye hospitali zenye mashine kubwa kubwa, kwa hiyo ningeingia mlango huu mgonjwa, nikatokea ule na karatasi yenye jina la ugonjwa. Wapi! Ninazo karatasi nyingi, na karibu zote zinasema hakuna kasoro.

Ilianza ganzi kwenye vidole vya miguu, ikapanda taratibu. Usiku nyayo zinawaka, hata shuka likizigusa nauma meno. Kuna mtetemo ndani ya paja, kama simu inayoita mfukoni, na simu yenyewe iko mezani. Mkono wa kushoto unaachia vitu bila kuniaga. Na uchovu, yaani ule ambao ukilala unaamka nao. Halafu inakuja wiki natembea vizuri kabisa, sina hata dalili moja, mpaka naanza kujishuku mwenyewe. Wiki hizo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu rufaa ya daktari bingwa unaweza kuisubiri miezi, na siku ya kuonana naye ikiangukia hapo, unaingia chumbani mzima.

Sasa kuhusu vipimo. Walianza na damu: sukari, vitamini B12, tezi ya shingo, VVU, kaswende. Ndiyo, VVU na kaswende pia, msishtuke. Vyote vinaweza kushambulia neva, yaani mishipa ya fahamu. Mimi ningemshangaa daktari asiyevipima.

Kisha MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Ile inatumia sumaku na mawimbi ya redio, siyo mionzi ya eksirei, kwa hiyo anayeogopa mionzi hiyo aondoe shaka. Kinachochosha ni kelele na kulala bila kutikisika. Picha za kichwa na shingo zikatoka safi. Wakanipima kasi ya neva kwa umeme, unapigwa vishoti vidogo vidogo mguuni. Safi tena. Nyumbani watu wakashangilia, na mimi nikalia.

Nisikilizeni hapa vizuri. MRI inaonyesha maumbile: uvimbe, kovu kwenye ubongo, diski iliyobana neva. Kile kipimo cha umeme kinapima neva nene. Neva nyembamba kabisa, zinazobeba habari za maumivu na joto kutoka kwenye ngozi, hakizioni. Hata mtu mwenye kifafa anaweza kupimwa mawimbi ya ubongo akatoka safi, kwa kuwa wakati ule kichwa kilikuwa kimetulia. Kwa hiyo safi maana yake ni kwamba hawakukiona walichokitafuta, pale walipotafuta, siku ile. Haina maana kwamba sina kitu.

Tena kuna magonjwa ambayo muda wenyewe ni sehemu ya kipimo. Chukua MS (multiple sclerosis), ambapo kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Kuutambua, madaktari wanafuata vigezo vinavyoitwa vya McDonald, vilivyotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, na kwa miaka mingi msingi wake ulikuwa kuona madhara sehemu zaidi ya moja, na kwa nyakati zaidi ya moja. Marekebisho ya 2017 yaliruhusu maji ya uti wa mgongo yatoe sehemu ya ushahidi huo, ili mgonjwa asingoje shambulio la pili. Nilipoelewa hilo, neno "tusubiri" likapungua ukali. Likapungua, sikusema liliisha.

Kuna daktari alitaja uwezekano wa tatizo la utendaji wa mfumo wa neva, yaani neva zenyewe hazijaharibika ila amri hazipiti inavyotakiwa. Nikamweleza kaka yangu. Akasema, "Kumbe ni mawazo tu." Kaka, hapana. Mwaka 1908 daktari mmoja wa Marekani, Charles Hoover, alieleza kipimo hiki: mgonjwa amelala, anaambiwa akandamize kitandani kisigino cha mguu dhaifu, hawezi. Anaambiwa ainue mguu wa pili, ule usio na tatizo, huku daktari akiuzuia, na kile kisigino kilichoshindwa kinajikandamiza chenyewe, kwa nguvu. Njia ipo, amri ya makusudi ndiyo inayokwama. Mtu huyo hajifanyi, na kuna tiba ya mazoezi maalumu kwa ajili yake. Kwangu kipimo hicho hakikuonyesha kitu cha wazi, lakini hata kingeonyesha, nisingekubali kuitwa mwongo.

Na haya mambo ya "punguza mawazo". Mguu wako ukianza kukugomea, wewe utakaa unacheka?

Kinachonisaidia ni daftari. Siandiki "leo najisikia vibaya". Naandika saa, upande gani, ilidumu muda gani, nilikuwa nafanya nini. Mkono ukianza kutetemeka naurekodi kwa simu, maana kurekodi ndiyo kazi yangu. Daktari aliyekuwa akinisikiliza nusu nusu alipoiona video moja alivuta kiti.

Ila kuna ya kusubiri na ya kukimbiza. Uso kupinda ghafla, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kugoma, udhaifu unaopanda haraka, pumzi kuwa nzito, au ganzi sehemu za siri pamoja na mkojo kukataa: hapo hakuna daftari, ni dharura saa hiyo hiyo.

Mimi kinachofuata ni kukatwa kipande cha ngozi ya mguu, kama milimita 3 hivi, wahesabu zile neva nyembamba. Majibu nitawaambia, hata yakiwa safi.

Kabla sijazima. Wanaomeza metformin ya kisukari kwa miaka mingi wanaweza kupungukiwa na B12, na upungufu huo unaleta ganzi na moto wa nyayo ambao watu wanausingizia sukari peke yake. Ukichelewa, neva huenda zisirudi zilivyokuwa. Dawa usiache, ila omba upimwe. Simtaji mtu, lakini shangazi, najua unaangalia.