Mafuta Yalikuwemo Tangini

Wanafunzi wa urubani, wakufunzi wenzangu, na ninyi mafundi ambao siku zote mnakaa viti vya nyuma, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie upangaji wa mafuta, na naona baadhi yenu mmeshatoa kikokotoo. Kirudisheni mfukoni kwanza. Hesabu ya lita na saa mnaijua: kiasi kilichomo, gawa kwa kiasi kinachochomwa kwa saa, toa akiba. Sheria ya Marekani, kwa mfano, humtaka rubani anayeruka kwa kutazama nje awe na akiba ya dakika 30 mchana na dakika 45 usiku. Hiyo mtaijibu kwenye mtihani na mtapata maksi zenu. Mimi nataka tuzungumze juu ya mtu aliyekufa akiwa na mafuta.

Tarehe 12 Oktoba 1997, jimbo la California. Mwanamuziki John Denver, ambaye nyimbo zake za kantri wazee wetu wengi wanaziimba mpaka leo, alikuwa na ndege ndogo aliyoinunua karibuni, aina ya Long-EZ. Ni ndege ya kujiundia nyumbani kwa ramani za Burt Rutan, mbunifu wa ndege wa Marekani. Propela iko nyuma, na vibawa vidogo viko puani. Denver hakuwa mgeni angani, alikuwa na saa zaidi ya 2,700. Ila katika aina hii alikuwa mchanga mno: siku moja kabla, mjini Santa Maria, alielekezwa kwa takriban nusu saa tu, kisha akairusha mwenyewe hadi Monterey.

Sasa sikilizeni habari ya koki. Ramani ya Rutan inaiweka koki ya kuchagua tangi mbele, kati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda ndege hii hakutaka mabomba ya mafuta yapite ndani ya chumba cha rubani, akaihamishia nyuma, kwenye ukuta ulio nyuma ya bega la kushoto. Nia ilikuwa usalama! Wenye pikipiki mnajua: mafuta yakikata njiani, unashusha mkono, unazungusha koki kwenda rizavu, na safari inaendelea bila hata kutazama. Kwenye ndege hii ilibidi rubani aachie usukani ulio mkono wa kulia, alegeze mkanda wa mabegani, ageuze kiwiliwili chote kushoto, kisha apeleke mkono wa kulia nyuma ya bega la kushoto. Na koki yenyewe haikuwa na alama yoyote.

Vioo vya kuonyesha kiasi cha mafuta navyo vilikuwa nyuma yake, navyo havikuwa na alama.

Pale Monterey, kabla ya kuruka, Denver na fundi mmoja waliliona tatizo hili. Nasisitiza: waliliona. Walijaribu kuirefusha koki kwa koleo la kubana, haikufaa. Fundi akampa kioo kidogo cha ukaguzi ili aweze kuchungulia vipimo vya nyuma. Tangi la kulia halikufika nusu, la kushoto lilikuwa pungufu zaidi. Akaulizwa kama aongezewe mafuta, akakataa. Alisema atakuwa angani kwa saa moja hivi. Na kuhusu koki, angewasha mtambo wa kujiendesha uishike ndege wakati anageuka nyuma.

Kwa hesabu ya kikokotoo chenu, huenda saa hiyo moja ingetosha. Ndiyo maana kisa hiki hunikera kuliko vile vya marubani waliosahau kabisa kujaza. Swali alilojiuliza lilikuwa kama mafuta yapo. Hakujiuliza yako tangi lipi, na akihitaji kubadili atakuwa kimo gani.

Aliruka kama saa 11:12 jioni, akafanya mazoezi ya kugusa njia na kupaa tena, halafu akaelekea baharini upande wa Pacific Grove. Ilipofika kama saa 11:28 watu waliokuwa chini walisikia mlio wa kupasuka, kisha injini ikapungua sauti. Alikuwa kama futi 500 tu juu. Ndege ikayumba, ikaingia majini puani kwanza. Alikuwa peke yake.

Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri wa Marekani walifanya jambo ninalolipenda sana: wakawaweka marubani wengine kwenye kiti kama kile, wakawaambia wageuke wazungushe koki. Kila mmoja, ili apate pa kujiegemeza, alisukuma mguu wa kulia, na mguu ule uko juu ya kanyagio la usukani wa mkiani. Hakuna aliyekusudia. Ukigeuza mwili namna ile, mguu unasukuma wenyewe, na ndege inageukia kulia bila kutakwa.

Wapo watakaowaambia kwamba alikuwa amelewa. Vipimo havikukuta pombe wala dawa mwilini mwake, basi tuyaache hayo. Ripoti ilitaja kupoteza udhibiti wakati akihangaika na koki, kisha ikarudi nyuma hadi ardhini: maandalizi hafifu, hakujaza mafuta, mafunzo machache ya aina ile, na uamuzi wa mwundaji juu ya mahali pa koki.

Msidhani haya ni ya watu wa ndege za kujiundia tu. Bodi hiyohiyo ilieleza kwamba kati ya mwaka 2011 na 2015 ajali za usimamizi wa mafuta nchini Marekani zilizidi 50 kwa mwaka kwa wastani. Asilimia 56 mafuta yaliisha kabisa. Asilimia 35 yalikuwemo, ila hayakuifikia injini. Na karibu nusu ya marubani hao walikuwa na leseni za biashara au za juu zaidi, kwa hiyo msiwasingizie wanafunzi.

Kwetu lipo jambo la ziada. Viwanja vingi vya changarawe huko mbugani havina avgasi, yaani petroli ya ndege ndogo, kwa hiyo unabeba ya kwenda na kurudi, na uzito unaanza kubishana na abiria na mizigo yao. Ukipunguza mafuta ili mizigo iingie, umeshachagua pia utatua wapi hali ya hewa ikiharibika. Hilo tutalichambua mchana, tukiwa na ramani mezani.

Nje kuna Cessna 172. Koki yake iko sakafuni kati ya viti, na ina alama. Tutatoka watatu watatu: mmoja apande bawani apime kwa kijiti, si kwa geji, wa pili aandike, wa tatu akae kitini, afunge mikanda yote, afumbe macho, aizungushe koki tangi moja hadi jingine. Mafundi, ninyi simameni upande wa kulia mtazame miguu yake.