Umepiga Linux, Skrini Imekuwa Giza? Usikimbilie Kununua Kioo Kipya

Wadau, karibuni tena. Hii laptopu mnayoiona mezani mwenyewe ameileta akiwa ameshakata tamaa. Ilikuwa na Windows 10, na kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, akaamua kuhama. Akapiga Ubuntu 24.04, mojawapo ya mifumo ya Linux. Kila kitu kikaenda vizuri, akaambiwa toa fleshi, bonyeza Enter. Akabonyeza. Kuanzia hapo ni giza. Feni inazunguka, taa ya chaji inawaka, kioo cheusi tii.

Fundi wa kwanza akamwambia kioo kimekufa, anunue kingine. Kioo ambacho dakika tano kabla kilikuwa kinaonyesha mstari wa usakinishaji ukifika asilimia 100! Jamani. Kioo kinaweza kufa ghafla, ndiyo, lakini si kwa sababu umebadilisha mfumo. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, tunaiuliza mashine maswali.

Swali la kwanza. Zima kabisa, washa, halafu gonga mfululizo kitufe cha kuingilia BIOS, ile programu ya msingi iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Kwa nyingi ni F2, nyingine Delete, nyingine F10 au Esc. Mnaona? Maandishi haya hapa, safi, hayana mistari wala hayachezi. BIOS haiijui Ubuntu wala Windows, iko chini yao wote. Kama picha ni safi humu ndani, basi kioo ni kizima na kebo yake nzima. Kama kwako humu BIOS pia kuna mistari au kunapepesa, zima video hii, tatizo lako ni la kebo au kioo na sitakusaidia kwa kuandika amri.

Swali la pili, ninalolipenda mimi, ni la tochi. Acha mfumo uwake hadi kwenye lile giza, zima taa ya chumbani, mulika kioo kwa tochi ya simu, ukiikaribisha na kuilaza pembeni kidogo. Ngoja nimulike... kamera haipendi, inaona mng'ao tu. Nitawasimulia: hapa sioni kitu. Ungeona kivuli cha picha kwa mbali, madirisha na maandishi hafifu, ungejua picha ipo ila taa ya nyuma ya kioo ndiyo imezimwa. Hiyo ina dawa yake, tutaifikia.

La tatu, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukipata ukurasa mweusi wenye maandishi meupe ukiomba jina lako, mfumo uko hai, kilichogoma ni sehemu ya madirisha tu. Hapa hakuna kitu. Sawa. Huyu mgonjwa wetu ni wa draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha, na nawaambia sasa hivi kabla hata sijamfungua: nadhani ana kadi mbili za picha.

Tunaingia kwenye menyu ya GRUB, programu inayouwasha mfumo. Washa, na mara tu nembo ya mtengenezaji ikitokea, gonga Esc. Mashine za zamani zenye BIOS ya kale unashikilia Shift. Gonga Esc mara moja, usiigonge kama unapiga ngoma, maana ukizidisha... eeh, haya, nimezidisha. Mnaona imeniletea neno "grub>" na kishale kinapepesa? Imenipeleka kwenye mstari wa amri. Hakuna kilichoharibika. Andika reboot, Enter, tunaanza upya. Sitaikata sehemu hii, ibaki, mjue hata mwalimu huteleza.

Esc. Moja. Menyu hiyo. Mstari wa kwanza umeandikwa Ubuntu, usibonyeze Enter, bonyeza herufi e. Unapata ukurasa wenye mistari mingi ya kutisha. Tafuta mstari unaoanza na neno linux. Si initrd, ni linux. Shuka kwa mishale, nenda mwisho wake, utaona maneno quiet splash. Acha nafasi, andika nomodeset. Herufi ndogo zote, neno moja, no, mode, set. Halafu Ctrl na X, au F10.

Neno hili linakiambia kiini cha mfumo kisijaribu kuiendesha kadi ya picha kwa ustadi wake, kitumie njia ya kawaida ile ambayo BIOS yenyewe ilikuwa inatumia. Ni gongo la kutembelea. Picha itakuja, lakini mbaya, kubwa kubwa, mwangaza haurekebishiki. Na ukizima ukiwasha limefutika, kwa sababu tumeliandika kwa safari hii moja tu. Vizuri! Tunataka lifutike. Nimeshaona watu wanaliweka la kudumu halafu miezi sita baadaye wanalalamika laptopu nzito na video zinakwama. Mtu anatembelea gongo na mguu ulishapona. Kama unashuku kwako liko, fungua taminali, dirisha la kuandikia amri, uandike cat /proc/cmdline, ukiliona neno humo, ndilo hilo.

Na picha hiyo imekuja! Mnaona ilivyo nene? Tuvumilie.

Taminali: Ctrl, Alt na T. Andika lspci -k na usome polepole. Unatafuta mistari yenye neno VGA na neno 3D. Kamera... subiri, inapenda kidole changu kuliko maandishi. Haya. VGA ni Intel. Halafu hapa chini, 3D, ni NVIDIA. Mbili, kama nilivyosema. Laptopu za namna hii, Intel inafanya kazi nyepesi kutunza betri, NVIDIA inaitwa kwenye kazi nzito. Ubuntu ikiwa mpya inaishika NVIDIA kwa draiva ya wazi inayoitwa nouveau, na kwa baadhi ya kadi, nouveau ndiyo inayotuletea giza. Kama kwako ni Intel peke yake au AMD peke yake, draiva zao ziko ndani ya kiini tayari, hakuna cha kupakua, ruka hadi nitakapozungumzia mwangaza. Au sasisha mfumo wote kwanza, kiini kipya kimewaponya wengi.

Unganisha intaneti. Wi-Fi ikigoma, chomeka simu kwa waya wa USB na ushiriki data. Kisha: ubuntu-drivers devices, uone orodha, mojawapo imeandikwa recommended. Halafu sudo ubuntu-drivers install. Kama unatumia Linux Mint kuna programu yake ya draiva kwenye menyu, unabofya tu. Inapakua. Hapa nitakimbiza video.

Sasa simama. Simama kabisa. Kama ulikuwa unasikiliza huku unafanya mambo mengine, rudi hapa, tazama skrini.

Mnaona imetokea rangi ya zambarau inazungumzia Secure Boot na inaomba nywila? Secure Boot ni ulinzi unaokataa draiva yoyote isiyo na saini inayotambulika. Draiva tunayoweka inasainiwa hapa hapa kwenye mashine yako, kwa hiyo lazima uitambulishe saini hiyo kwa mashine. Nywila hii si ile ya kuingilia kwenye Ubuntu. Ni ya kutumia mara moja tu, baada ya kuwasha upya. Iwe na angalau herufi 8. Iandike kwenye karatasi. Naandika yangu hapa, mnaiona karatasi. Na tafadhali weka herufi za kawaida na namba, usiweke @ wala nukuu wala madoido, kwa sababu ukurasa utakaokuja unaisoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani, na kama kibodi yako ina mpangilio mwingine, alama zinahama. Nililala na kuamka na jambo hili. Nilikuwa na uhakika na nywila yangu, mashine inaniambia si hiyo, kumbe @ na nukuu zimebadilishana viti.

Tunawasha upya. Usiondoke. Nasema usiondoke! Utakuja ukurasa wa buluu unaosema bonyeza kitufe chochote, na unahesabu sekunde 10 tu. Mara ya kwanza nilipofanya hii simu iliita, nikapokea, kurudi nimekuta Ubuntu imeshawaka. Mara ya pili nikauona ukurasa, nikaogopa rangi ya buluu, nikachagua Continue boot kwa sababu ilikuwa ya kwanza na ilionekana ya amani. Kosa! Ukipita hapo bila kusajili, ombi linafutika, draiva inabaki imekataliwa, na wewe unaanza kuilaumu draiva.

Huo hapo, wa buluu. Bonyeza kitufe chochote. Haraka. Shuka hadi Enroll MOK, yaani sajili ile saini. Si Continue boot! Enroll MOK, Enter. Continue, Enter. Ndiyo, hapa ndani kuna Continue nyingine, hii ndiyo sahihi, msichanganyikiwe. Yes, Enter. Andika nywila ya kwenye karatasi, haitaonekana ukiandika. Enter. Reboot.

Ukiwa umeshaikosa, usipige mfumo upya kama nilivyofanya mimi. Andika sudo update-secureboot-policy --enroll-key, itakuomba nywila mpya, uwashe upya, ukurasa wa buluu urudi. Narudia: Enroll MOK.

Na... hiyo. Tazameni. Herufi nyembamba, rangi zimetulia, na sikuandika nomodeset safari hii. Nahakikisha kwa nvidia-smi. Imeleta jedwali lenye jina la kadi na toleo la draiva. Kama ingelalamika kwamba haiwezi kuwasiliana na draiva, tungerudi moja kwa moja kwenye ule ukurasa wa buluu.

Sasa nipunguze mwangaza, maana unaniumiza macho... haupungui. Nabonyeza kitufe, alama inashuka pale juu, kioo kiko vile vile. Hili sikulipanga, mwenyewe hakunitajia, lakini limekuja lenyewe na ndilo nililoahidi kwenye habari ya tochi.

Andika ls /sys/class/backlight. Humo kuna majina ya wale wanaodai kwamba wanaiendesha taa ya kioo. Shida huwa kwamba vitufe vinaongea na mmoja wakati taa inamtii mwingine. Tunarudi GRUB, e, mwisho wa mstari wa linux, tunaandika acpi_backlight=native. Ctrl na X. Tunajaribu... hapana. Tena, safari hii acpi_backlight=video. Nimeshakata kipande cha kusubiri, mmenisamehe. Vitufe... inashuka! Inapanda! Kama hiyo nayo ingekataa ningejaribu vendor. Moja moja, usiziandike zote kwa pamoja.

Hili tunalitaka libaki. sudo nano /etc/default/grub, tafuta GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ongeza maneno yako ndani ya nukuu, baada ya splash. Ndani ya nukuu. Ctrl na O, Enter, Ctrl na X. Halafu sudo update-grub, bila hiyo umeandika barua hukuituma.

Wale ambao kwenu picha ipo ila inapepesa au inaganda kidogo mkiacha kugusa kipanya, na kadi ni Intel: jaribuni i915.enable_psr=0 kwa njia hii hii. Kuna mbinu ya kutunza betri ambapo kioo kinajionyesha picha ile ile bila kuisumbua kadi mpaka kitu kibadilike, na vioo vingine haviiwezi vizuri. Ukiizima, betri itapungua muda kidogo. Mimi nachagua macho yangu.

Maandishi madogo kama mchanga? Hiyo si ubovu, kioo chako kina nukta nyingi. Settings, Displays, panua iwe asilimia 125 au 150. Mimi 125, 150 naona kama kitabu cha chekechea.

Na ndugu zetu waliopiga Windows upya, picha imevimba na haikubali rezolusheni nyingine: fungua Device Manager, chini ya Display adapters ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, ujue kadi haina draiva yake. Chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa namba ya modeli iliyoko chini ya mashine. Skrini ikizimika ghafla mkiwa kazini, kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, draiva ya picha inajiwasha upya bila kufunga kazi yako.

Bado jaribio moja kabla sijamrudishia mwenyewe, nalo wengi hulisahau. Nafunga mfuniko. Nasubiri ilale, taa ianze kupumua. Nafungua... sekunde moja... mbili... inaomba nywila, na mwangaza ni ule ule niliouacha. Nampigia simu aje aichukue.